Magari ya Moshi ya Shomari

Makapi ya chikichi yakichomwa hutoa moshi mzito wa manjano, wenye harufu ya mafuta na ya nywele zilizoungua. Juzi nilikuwa napita Kizuka na rafiki zangu, kando ya ua ambamo wanawake walikuwa wamemaliza kukamua mawese, na mmoja wao akayatupa makapi motoni. Wenzangu waliendelea na safari na mazungumzo yao. Mimi nilisimama. Nikajikuta natazama njia ya ziwani kuona nani anakuja. Hakukuwa na mtu. Nimesoma miaka mingi, na nimesoma mbali. Nimezoea kumwuliza kila anayenieleza jambo amelijuaje, hata watu wa nyumbani wameacha kunisimulia habari kwa sababu nawachosha. Na bado moshi ule ulinirudisha kwenye umri ambao sikuwa na swali hata moja. Nilikuwa na hofu tu.

Ninyi mliokua wakati wa Wadachi, wale Wajerumani, mna hofu zenu. Wengine waliogopa kiboko. Wengine waliogopa daktari wa malale, aliyekuja na sindano yake na kuamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe. Mimi niliogopa kitu cha kuchezea. Kilikaa juu ya ubao uani kwetu Rumonge, na aliyekitengeneza alikuwa kaka yangu Shomari, mtu niliyempenda kuliko wote.

Baba yetu, Ramazani, alikuwa fundi wa mashua, kazi aliyorithi kwa babu aliyevuka ziwa kutoka Manyema. Mtu akitaka mashua, baba hakuanza kwa kukata mti. Kwanza alichonga mashua ndogo, ya kukaa mapajani, akaiweka mkekani. Mwenye mali alikuja na ndugu zake, wakachuchumaa, wakaigeuza juu chini. Walisema tumbo limezidi. Pua imekaa kama ya mbuzi. Baba alichukua tezo, akapunguza, akawaita tena, wakabishana tena. Hatimaye mwenye mali aliishika kwa mikono miwili na kusema, "Ndiyo yenyewe." Baada ya neno hilo tu ndipo baba alipokwenda msitu wa Kigwena kutafuta mti. Muda ukapita, na mashua kubwa ikasimama uani, yenye tumbo lilelile na pua ileile.

Mimi sikuona ajabu yoyote. Nilielewa, kwa namna ya mtoto anayelala na kuamka penye vumbi la mbao, kwamba hivyo ndivyo vitu vyote vikubwa vinavyokuja duniani. Kinatengenezwa kwanza kile kidogo, watu wanabishana juu yake, na siku wanapokubaliana kikubwa kinasikia na kuja. Hakuna aliyenifundisha hivyo, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kunisahihisha.

Shomari alikuwa ameanza kuota masharubu. Kazi yake ilikuwa kalafati: kusokomeza pamba kwenye nafasi za mbao na kuipaka ulimbo uliochemshwa ndani ya mawese. Aliifanya vizuri, lakini roho yake ilikuwa kwenye gari la moshi, ambalo hakuwahi kuliona. Lilikuwa mbali huko, upande wa Tabora. Wadachi walikuwa wakilisogeza kidogo kidogo kuja kwenye ziwa letu, na habari zake zilitufikia pamoja na chumvi na vitambaa. Mashua ikitia nanga tu, Shomari alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, hata wenye mizigo hawajashuka, akiuliza nani ameliona.

Mchuuzi mmoja wa chumvi kutoka Uvinza alimwambia, "Iko kama chungu. Chungu kikubwa kimelala, kinachemka." Shomari akaokota chungu kilichopasuka, akakilaza juu ya magurudumu ya tawi kavu, akatumia chelewa za mchikichi, vile vijiti vya majani yake, kuwa vyuma vya kupitisha magurudumu. Alikiweka juu ya ubao na kukizunguka kama mtu aliyeoa.

Bi Zaina, jirani yetu aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuwa amefika Tabora kumzika dada yake. Alipokiona kile chungu alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Shomari mwanangu, hii ni ya kupikia maharagwe! Ile iko na macho. Macho mbili mbele, zinawaka."

"Ulikuwa karibu nayo, Bi Zaina?"

"Karibu ya kufanya nini? Nilikuwa nyuma ya mti."

Basi Shomari akatengeneza lingine, la macho mawili yaliyokatwa kwenye kopo la tumbaku. Lile la chungu hakulivunja. Alisema kila mtu ana gari lake, na yeye atayaweka yote mpaka ajue nani alisema kweli. Ndivyo ubao ulivyojaa. Palikuwa na lenye kengele shingoni, kwa sababu mpagazi mmoja aliapa kwamba linalia kama ng'ombe wa mtemi. Palikuwa na lililovuta mabehewa ya vibuyu, na lingine lenye nyumba za makuti, milango na madirisha. Alizipaka rangi ya masizi na mawese mpaka zikang'aa. Akipata habari mpya alikaa jioni nzima akibadilisha: anang'oa bomba, analirefusha, analipeleka nyuma, analirudisha mbele. Na ndani ya kila bomba alitia makapi ya chikichi yanayofuka, ili moshi utoke. Ua wetu ulinuka hivyo kutwa.

Watu walipobishana mbele ya ubao ule, mimi nilikuwa na amani. Nilijua kuna vijana waliokwenda kufanya kazi ya reli na hawakurudi, na kwamba mama zao waliposikia neno hilo walishika vichwa. Nilijua gari la moshi hula kuni na maji na linabeba watu likienda mahali ambapo hakuna anayepataja. Maadamu hakuna aliyekubali kwamba kile kidogo kinafanana na kile kikubwa, kikubwa kingebaki huko kiliko. Kwa hiyo nilijipa kazi. Mgeni akifika na kusifu, mimi nilidakia.

"Halifanani!"

"Kadogo, wewe umeliona wapi?" Shomari aliniuliza.

"Sijaliona. Lakini si hilo."

"Huyu mutoto atakuwa kadhi," akawaambia wageni. "Hata aletewe mashahidi mia atawafukuza."

Walicheka. Leo watu wanaponiuliza nilipata wapi tabia ya kukataa kila kinachosemwa, huwa nataja walimu na vitabu. Ukweli ni kwamba niliianza nikiwa na meno ya utoto, kwa sababu ya woga, na sina hakika kama woga huo umewahi kuniacha au umejifunza tu kuongea vizuri.

Kisha akaja Mabruki. Alikuwa kijana wa mtaa wetu, alichukuliwa kwenda kwenye reli nasi tukamhesabu amekufa, na asubuhi moja akashuka kwenye mashua akiwa na mkono wa kushoto uliokunjamana kwa kuungua. Mama yake alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Shomari alimwachia siku chache za kupumzika, kisha akamkalisha mbele ya ubao.

Mabruki aliyapitia yote bila kucheka. Akasema, "Umesahau mikono."

"Mikono gani?"

"Iko na mikono ya chuma, ubavuni. Inashika magurudumu, huyu na huyu, yanakwenda pamoja. Hivi." Akakunja na kukunjua mkono wake mzima, kama mtu anayetwanga amekaa.

Shomari hakula mchana ule. Alivunja vyuma vya mwavuli uliokufa, akavikunja, akaunganisha magurudumu pande zote mbili. Lilipokwisha alilisukuma juu ya ubao. Mikono ilipanda, ikashuka, kisha gari likakwama. Alilipiga kidole, likaenda, likakwama tena mikono iliponyooka. Kila mara pale pale. Alipaka mawese, akalegeza misumari, akafungua na kufunga upya. Likakwama.

"Mabruki, kwa nini?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa nabeba mawe."

Lakini Mabruki hakuondoa macho yake. Shomari alikuwa amewasha makapi, na moshi ulikuwa ukitoka bombani na kuinama kuelekea ziwani. Mabruki alilitazama mpaka uso wake ukabadilika, kama mtu aliyesikia anaitwa na adui yake. Akaushika ule mkono ulioungua kwa mkono mwingine, akasema polepole, "Ndilo. Ndilo lenyewe."

Nilichelewa kukataa. Neno lilikuwa limekwisha kusemwa, na aliyelisema ni mtu aliyeliona kwa karibu. Nilikimbilia jikoni, nikajibanza nyuma ya mama.

Mwezi haukuisha mashua ya Ujiji ikaleta habari kwamba reli imefika Kigoma. Gari la moshi limekuja mpaka ukingo wa maji, limesimama, limepiga kelele, na watu wameanguka kifudifudi. Mtaa mzima ulifurahi. Walisema chumvi itakuwa rahisi na vitambaa vitajaa. Mimi nilitoka nje, nikalala chini na kuweka sikio kwenye udongo.

"Wewe, umefanya nini na sikio?" mama aliuliza.

"Nasikiliza. Mama, kutoka Kigoma mpaka Kabonga, njia ya kuja kwetu, ni mbali?"

"Kwa mashua au kwa miguu?"

"Kwa gari la moshi."

"Hakuna njia yake huku."

"Mashua ya baba ilikuwa na njia ya kufika uani?"

Mama alicheka, akanipangusa vumbi shavuni. "Unauliza kama askari."

Niliona njia yake waziwazi. Lingepita Kabonga, likate msitu wa Kigwena, litokeze nyuma ya michikichi yetu likiwa na mikono yake ya chuma, limtafute aliyeliita. Nilikwenda kwa Shomari, nikamshika nguo.

"Kaka, liharibu. Kidogo tu. Likate pua."

"Lina pua?"

"Basi likate mikono."

Alichuchumaa ili tuwe sawa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na alikuwa na furaha ambayo sikuipenda. "Kadogo, lipo Kigoma. Lipo hapo tu, kwa mashua ni safari ndogo. Ningeliona mara moja, nikatazama mikono yake inavyofanya, ningejua langu linakwamia nini. Mara moja tu."

"Halafu?"

"Halafu ningerudi, nilitengeneze."

Askari walikuja baada ya sala ya adhuhuri. Bi Zaina aliingia kwa mlango wa nyuma, mtandio umemwanguka, kiatu kimoja mkononi. "Ramazani, mufiche mutoto! Wanachukua mafundi!" Mashua ya serikali ilikuwa imefika na Mdachi mmoja, aliyekaa kwenye kiti ufukweni akikohoa, na askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Huko Kigoma ilitakiwa kuunganishwa meli kubwa ya chuma, iliyoletwa vipande vipande na gari la moshi, na walitaka kila mwenye kujua tezo na nyundo.

Uani palikuwa na mashua moja iliyofunikwa juu chini, ikingoja kalafati. Baba aliinua ubavu mmoja wa mashua, Shomari akaingia kwa tumbo, baba akasukumia maranda ya mbao kwenye uwazi. Mama alikuwa kisimani. Kisha baba akanikalisha mbele ya ubao na kuniambia bila kunitazama, "Cheza. Usilie. Ukilia watamchukua."

Nilishika kitu kilichokuwa karibu. Lilikuwa ni lile la mikono, na makapi yalikuwa bado yanafuka bombani.

Shaushi aliyeingia, mkubwa wa askari wale, hakuwa kama nilivyotarajia. Alikuwa mtu wa kule Tabora, mnene kidogo, mwenye adabu, na alivua kofia kupangusa kichwa. Nyuma yake askari kijana alibeba kamba bega zima, ile ya kuwafunga watu viunoni. Ningali naona nyuzi zake.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro, bwana shaushi. Karibu."

"Tunatafuta mikono."

Baba alinyoosha yake, vidole vimevimba kwenye viungo kama tangawizi. "Tazama mwenyewe. Hata kijiko kinanishinda."

"Na kijana wako? Wamesema uko na kijana."

"Yuko Kigwena. Anatafuta mti."

Shaushi alimtazama baba, akatazama maranda, akavaa kofia. Alikuwa anageuka kwenda zake, na mimi nilianza kupumua, ndipo moshi ulipompitia usoni. Akafuata ulikotoka. Aliona ubao mzima, magari yote yamejipanga, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Nani ametengeneza hizi?"

"Huyu mutoto," baba alisema haraka.

"Wewe?"

"Mimi," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba.

Alichuchumaa. Aliliona la chungu akacheka. Aliliona la Bi Zaina akasema, "Hii ni bundi." Askari wake akacheka naye. Mimi nilikuwa namtazama yeye, lakini masikio yalikuwa nyuma yangu, kwenye ile mashua. Kisha akanyoosha mkono, nikampa lile nililoshika. Alilisukuma juu ya ubao. Likaenda, likakwama.

"Ah," alisema. "Lakini hii ni mlevi! Mikono umeiweka vibaya. Ingekuwa yetu ingekwama njiani, Bwana Mkubwa akatupiga wote."

Nyuma yangu kitu kilikwaruza mbao za mashua. Nilianza kukohoa. Nilikohoa kwa nguvu zote, mpaka machozi.

"Huyu mutoto anaumwa?"

"Kifua," baba alisema.

"Mupe asali." Akalisukuma tena, akatikisa kichwa, akamwambia askari wake, "Aliyetengeneza hii hajaona gari ya moshi hata siku moja. Amesikia tu."

Sasa nilikuwa naomba. Niliomba kwa Mungu wa msikitini na kwa ziwa na kwa babu niliyemsikia tu. Niliomba Shomari akae kimya. Angechukua tusi lile, dogo kama mbegu, alimeze, na shaushi angesimama na kuondoka, nasi jioni tungekula ndagala pamoja.

Sauti ilitoka chini ya mashua, imezibwa na mbao, yenye heshima kabisa.

"Shaushi, samahani. Wewe umeliona kwa karibu?"

Askari alishusha bunduki begani. Baba alifumba macho. Maranda yalisogea, na kaka yangu akatoka kwa viwiko, pamba kichwani, ulimbo kwenye shavu, akapiga magoti mbele ya ubao kana kwamba alikuwa ametoka chumba cha pili.

"Mabruki alisema mikono inakwenda pamoja," alisema. "Na hii inakwenda pamoja. Sasa inakwamia nini?"

Shaushi alimtazama. Alimtazama baba. Halafu, sijui kwa nini, akamjibu Shomari.

"Mikono ya upande mmoja inakwenda pamoja. Lakini upande huu na upande ule hapana. Huyu akinyooka, yule yuko juu. Anamusaidia kupita." Akaweka ngumi zake mbili hewani, akazizungusha, moja nyuma ya nyingine. "Umeona? Hawachoki mahali pamoja."

Shomari alizitazama zile ngumi. Mdomo wake ulikuwa wazi. "Aaa," alisema, "aaa," na nilimwona akiwa mbali nasi tayari.

"Bwana shaushi," baba alisema, "huyu ni mgonjwa. Ana degedege."

"Baba, subiri kidogo," Shomari alisema, bila kugeuka. "Shaushi, na ikirudi nyuma?"

"Twende, nitakueleza. Kazi iko nyingi."

Baba alisimama na tezo mkononi, vidole vyake vilivyovimba vikijaribu kuikamata, na hakuna alichoweza kuifanyia. Mimi nilimshika Shomari mguu. Aliuvuta taratibu, kama mtu anavyouvuta kutoka kwenye matope, akanigusa kichwa, akasimama.

Vita vilifuata haraka, Wadachi wakaondoka, wakaja wengine, na Shomari hakurudi. Nimefika Kigoma, nimeuliza. Nimefika Ujiji, nimeuliza. Nimeambiwa mengi. Sina hata neno moja juu ya kaka yangu ambalo ningeweza kulitetea mbele ya mtu anayefikiri, na nimekataa kumpa mama yangu neno la namna nyingine, ingawa alinisihi. Miezi yote ile nilikuwa nimeogopa kwamba kitu kikubwa kitakuja na kumnyakua, nami nitamshika na kumvuta, na watu watatusaidia. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayetaka kwenda.

Siku ile walishuka njia ya ziwani. Wanaume wengine waliokusanywa walikuwa wamefungwa wamekaa mchangani. Kamba ya askari wetu ilibaki begani kwake. Hapakuwa na haja ya kuifungua. Shomari alitembea ubavuni mwa shaushi, akiinama kidogo ili asikie vizuri, akizungusha ngumi zake hewani. Mama alikuwa amepata habari kisimani. Alikuja akikimbia, nguo imelowa maji mbele, akiita jina lake kwa nguvu, tena na tena, mpaka Mdachi akageuza kiti. Shomari aligeuka nusu, akainua mkono. Bi Zaina alianza kulia, akisema Shomari anatuaga. Mimi nilikuwa nimekaribia kuliko yeye, nikaona kiganja cha kaka kimefunguliwa kuelekea chini. Alikuwa anamwomba mama anyamaze kidogo, kwa sababu shaushi alikuwa hajamaliza kueleza.